Mukombero, mkuyati au vumbi la Kongo: kipi kinamfaa mtu wa miaka 46?

Chuma wa Tanga: Wakuu habari za jioni. Nina bro wangu ana miaka 46, toka mwaka jana jogoo hawiki vizuri, hospitali hataki kabisa anaona aibu. Tunavyo vitatu hapa: mukombero aliotutumia shemeji yetu wa Kakamega, mkuyati wa kuchemsha, na vumbi la Kongo ambalo kijiweni kila mtu wa boda analisifia. Mnaojua mnisaidie, kipi aanze nacho na kipi aachane nacho.

Omwami: Mukombero ni mzizi wa kutafuna tu bana, kwetu unauzwa na njugu barabarani. Unauosha udongo, unatafuna lile ganda, mti wa katikati unatupa, mwanzo una uchungu halafu mdomo unabaki na utamu na harufu kama ya vanila. Hamu ya chakula inakuja na mwili unachangamka. Ila asitafune saa moja akategemea saa mbili mambo yawe moto, hauendi hivyo. Umepimwa zaidi kwa panya kuliko kwa watu. Kati ya hivyo vitatu mimi ningempa huu.

Pweza Feri: Mmesahau supu ya pweza wakuu, bakuli moja na pilipili na ndimu hapo Feri jioni, mtu anaamka mwingine kabisa!!

Dada Famasi: Pweza ni chakula kizuri, protini ipo, zinki ipo, ale tu. Mkuyati shida yake kila muuzaji anachemsha kivyake, leo mzito kesho maji, huwezi kujua kipimo. Ninaloliogopa ni vumbi. Unga wa asili ukifanya kazi ndani ya nusu saa na kila mtu anausifia, jiulize kuna nini mle ndani, maana nchi nyingi wakaguzi wameshakamata "dawa za asili" zimechanganywa sildenafil, ile ile iliyo kwenye Viagra, na pakti haisemi ni miligramu ngapi. Mtu anayetumia dawa ya moyo ile ya kuweka chini ya ulimi akilamba hiyo presha inaporomoka, anaweza kufa usiku huo huo. Kaka Chuma, bro wako ana sukari au presha? Usiku anaamka kukojoa mara kwa mara?

Chuma wa Tanga: Dada umenishtua. Kuamka anaamka sana, na maji anakunywa balaa. Presha anayo, ana vidonge anameza, sukari hajawahi kupima.

Omwami: Aah basi mukombero usubiri kwanza.

Dada Famasi: Kesho asubuhi kabla hajala apimwe sukari, ni tone la damu kidoleni, wala hana haja ya kumwambia mtu habari za jogoo. Mishipa ya huko chini ni myembamba, milimita 1 mpaka 2, ya moyo ni 3 mpaka 4, kwa hiyo sukari na presha zikiharibu mishipa huko ndiko kunakoonyesha mapema, moyo unafuata. Na hivyo vidonge vya presha aende navyo, kuna aina zinapunguza nguvu na daktari anaweza kumbadilishia. Asiache mwenyewe lakini.

Chuma wa Tanga: Nimempigia sasa hivi, kakubali kupima sukari tu. Vumbi nimeshalitoa kwake.