Muuguzi anayesindikiza mgonjwa ziwani: asubiri simu ya daktari au achome dawa?

Mleta mada, Kigoma Mjini
Wadau, hili limetugawa kijiweni kwetu Mwanga, nikaona nilimwage hapa. Mkunga anamsindikiza mgonjwa wa rufaa kwa boti kutoka mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, tuseme Kalya au Buhingu, kuja Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Je, apewe idhini ya maandishi kutoa dawa chache za dharura njiani bila kusubiri daktari apokee simu? Mimi nasema apewe.

Chukua kifafa cha mimba. Kabla ya kupandishwa botini, mama anapewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 mshipani taratibu, kisha gramu 5 kila tako. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kituo kisichoweza kumaliza tiba yote kitoe dozi hiyo na kumsafirisha mara moja. Hapo hatuna ugomvi. Ila dozi inayofuata, gramu 5 za msuli, muda wake ni baada ya masaa 4. Boti ya mbao, mashine moja, kusi limeamka: masaa 4 yanakukuta katikati ya maji na simu haina mtandao. Afanyeje? Akae amtazame?

Daktari wa zamu
Mleta mada umeruka kipengele kikubwa. Dozi ya pili haitolewi kwa kuangalia saa tu. Mgonjwa awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, ukigonga goti mguu uruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa masaa hayo 4. Figo zikigoma, dawa inabaki mwilini na kurundikana. Kwanza goti linanyamaza, halafu pumzi zinakata. Sasa nionyesheni nani anapima yote hayo gizani, boti inaruka, watu wamejifunika maturubai. Simu ipo kwa sababu, jamani. Siungi mkono.

Mkunga wa mwambao
Shikamoo daktari. Kwa heshima zote, naomba nitofautiane na wewe. Hayo yote tunayapima. Pumzi huwezi kuzisikiliza kwa kelele za mashine, kwa hiyo unaweka kiganja juu ya tumbo lake, saa mkono wa pili, unahesabu dakika nzima. Goti unalipitishia mkono kwa chini, ukilinyanyua kidogo mguu ulegee, unagonga na ukingo wa vidole. Mfuko wa katheta, ule mrija wa mkojo, unaufunga kwenye mbao ya kukalia, chini ya usawa wa mgonjwa. Ukiulaza kwenye maji ya chini ya boti hutausoma. Tochi naivaa kichwani kama wavuvi wa dagaa.

Na dawa ya kuiondoa sumu ya magnesiamu ipo, kalsiamu glukoneti, gramu 1 mshipani polepole. Hiyo nayo haihitaji mtandao. Mimi siogopi sindano, naogopa barua ya kujieleza. Nikichoma bila simu nimevuka mipaka, nisipochoma mama akarudia kifafa nimezembea. Kote kote ni mimi.

Nahodha
Naomba na sisi tuulizwe. Mkunga akisema punguza mashine nichome, nikipunguza ovyo wimbi linatupiga ubavuni na huyo mgonjwa anamwagika. Ni lazima nigeuze pua ya boti ilikabili wimbi kwanza, ndipo nipunguze. Kwa hiyo hata mkiandika karatasi zenu, semeni kabla hatujaondoka sindano ni saa ngapi, nijipange nikiwa nyuma ya rasi yoyote iliyo karibu. Halafu mnijulishe kilichomo kwenye silinda ya oksijeni. Ile ndogo ya lita 340, ukiifungulia lita 10 kwa dakika, nusu saa na dakika chache imekwisha. Sitaki kuambiwa hilo tukiwa mbali.

Mzazi, Buhingu
Mnabishania sindano, wengine tunatafuta boti. Namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, unapiga bure, sawa, lakini ziwa likichafuka hata dereva aliyepangiwa hawezi kutoka.

Mleta mada
Mzazi, una haki, ila hiyo ni mada yake. Kwanza nimshukuru nahodha, hata sisi hatukulifikiria hilo. Daktari, nakubali masharti yako matatu, na nayageuza yawe ndiyo idhini yenyewe: yakitimia yote achome, likikosekana moja asichome, aandike muda na sababu. Sijasema kila muuguzi apewe, nasema aliyepimwa akafaulu kwa vitendo.

Tena kuna dawa ambayo kuisubirishia simu ni hatari zaidi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 mshipani, kwa dakika 10, ndani ya masaa 3 tangu ajifungue. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu ikiwahiwa, na kila robo saa unayochelewa faida inapungua. Unamwambiaje mkunga asubiri minara?

Daktari wa zamu
Ya damu naikubali bila kubishana. Ya magnesiamu, katheta iingizwe kabla ya boti kung'oa nanga na kalsiamu iwe imeshahesabiwa mkobani. Bila hivyo viwili, mimi sisaini, hata mkileta mkutano wa kijiji.

Mkunga wa mwambao
Na akidegedeka tena kabla ya masaa 4, hajafikia dozi ya pili? Hilo ndilo linalotukuta.

Daktari wa zamu
Ikishapita robo saa tangu dozi ya kuanzia na bado anadegedeka, gramu 2 nyingine mshipani, kwa dakika 5. Lakini hesabu pumzi kwanza. Na hilo nalo liandikwe, maana mkiliacha wazi mtarudi kulekule kwenye simu.