Likizo ya mwezi wa sita Dar: Mbudya, Bagamoyo, Pugu au treni ya Morogoro?

Mama Tausi (Tabata)
Habari zenu wadau. Shule zinafungwa na nimewaahidi watoto siku moja ya kutoka, twende asubuhi turudi jioni, bila kulala. Nina wa miaka 3, 7 na 11. Safari hii tuna mgeni pia, mama mkwe kutoka Singida, magoti yanamsumbua na bahari hajawahi kuisogelea. Gari hatuna, ila tunaweza kukodi Noah kwa siku moja kama kuna sababu ya msingi.

Nimebaki na njia nne: kisiwa cha Mbudya, Bagamoyo, msitu wa Pugu, au SGR hadi Morogoro na kurudi. Baba Tausi anataka Mbudya. Wa miaka 11 anataka treni. Mimi nataka mahali ambapo sitakaa kutwa nzima namkimbiza wa miaka 3. Waliokwenda na watoto naomba mnilinganishie, hasa usafiri, vyoo, chakula na kivuli.

Nahodha wa Kunduchi
Mbudya naijua vizuri, na ndiyo maana nasema isubiri. Mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma. Asubuhi utavuka vizuri kutoka Kunduchi, lakini mchana wakati wa kurudi boti inarushwarushwa na maji yanawalowesha. Kwa mtu mzima si tatizo. Kwa mtoto wa miaka 3 na bibi ambaye hajazoea bahari, dakika hizo ni ndefu sana.

Jambo la pili, kule hakuna gati. Boti inasogea hadi maji ya magotini, wakati mwingine ya mapajani, mnashuka na kutembea hadi ufukweni. Bibi mwenye magoti mabovu atapata shida kushuka na shida zaidi kupanda.

Mengine ni mazuri sana. Ufukwe wa kutua upo upande wa magharibi, unaoelekea bara, kwa hiyo maji yametulia kuliko upande wa pili. Kuna mabanda ya makuti ya kukodi, mibuyu, na samaki wa kukaanga na chipsi wanapikwa hapohapo. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani. Mbudya ni eneo la hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Na boti isiyo na maboya ya kuvaa ya saizi ya watoto, usipande, hata kama wenzako wote wameshakaa.

Baba Wawili (Bunju)
Dada, Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 tu, lami mwanzo mwisho, na mkipita Bunju na Mapinga mapema foleni mnaikwepa.

Kinachoifanya iwafae watu wa umri tofauti ni kwamba vitu viko karibukaribu na kila mmoja anapata chake. Anzeni Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuna magofu ya msikiti unaohesabiwa miongoni mwa mikongwe zaidi katika pwani ya bara, wa karne ya 13, na makaburi yenye minara ya mawe. Wa miaka 11 mpeni mwongoza wageni, atauliza maswali hadi achoke. Jirani na hapo kuna shamba la mamba. Wa miaka 7 hatataka kuondoka, ila wa miaka 3 abebwe, asiachwe kusimama karibu na kingo. Kisha mnarudi mjini, mnapita misheni ya Katoliki iliyoanzishwa 1868, kuna miti mikubwa na kivuli cha kutosha, bibi anakaa. Mwisho ni ufukweni, bibi anaingiza miguu baharini bila kupanda boti yoyote. Upwa wa pale ni mpana, maji yakikupwa watoto wanakimbia mbali na bado unawaona.

Ubaya wake ni jua. Kaole kivuli ni kidogo, na vyoo vya ufukwe wa wazi si vya kutegemea, tumieni vya mgahawani mnapokula.

Mkisarawe
Naona Pugu itaachwa bila kutetewa. Kwa walio Tabata ni karibu kuliko zote, mnashika njia ya Gongo la Mboto mnapandisha kuelekea Kisarawe, na hewa inabadilika kabisa. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni wa asili, wa zamani sana, na uko mlangoni kwa jiji. Watoto wetu wanakua bila kujua sauti ya msitu na mimi linaniuma.

Ila niseme ukweli kwa familia yako: njia zina miinuko, na mapango ya popo, yale yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini, si ya mtoto wa miaka 3 wala ya bibi. Pugu mpeleke wa miaka 11 na baba yake. Mkipita Pugu Sekondari mwambieni kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha pale hadi 1955, akaacha kazi kwa ajili ya siasa ya uhuru. Kwa mtoto wa umri ule ni bora kuliko kusoma darasani.

Abiria wa Dirishani
Mimi ni wa treni. Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Morogoro ilianza kwa shilingi 13,000 mwaka 2024, mwenye miaka 4 hadi 12 nusu, na wa chini ya miaka 4 hakati tiketi. Ni chini ya saa mbili, kuna choo ndani, kuna kiyoyozi, bibi anakaa kwenye kiti cha heshima. Watoto wanaona Ruvu, halafu Uluguru inaanza kujitokeza. Kwao safari yenyewe ndiyo matembezi.

Morogoro nendeni Rock Garden, chini ya mlima, kijito kinapita kwenye mawe na kuna kivuli kila mahali. Chukueni teksi au bajaji kutoka stesheni, iko mbali kidogo na katikati ya mji. Tiketi ya kurudi kateni siku ileile mnayokata ya kwenda. Jumapili jioni zinaisha.

Baba Wawili (Bunju)
@Abiria treni ni nzuri, sibishi. Lakini hesabu saa. Kutoka Tabata hadi stesheni, kuwahi ukaguzi wa mizigo, safari, teksi ya Morogoro, kisha yote hayo kinyumenyume. Mtoto wa miaka 3 anabaki na saa tatu za kucheza kati ya siku nzima. Na mgeni anayetoka Singida milima ameiona, bahari ndiyo hajaiona.

Abiria wa Dirishani
Hilo la bahari nimelikubali. Kwa mwaka mwingine basi, bibi akiwa hayupo.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Mama Tausi, ruhusu niongeze njia ambayo hukuitaja: Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, hapo karibu na kituo cha daladala cha Makumbusho. Nawapeleka wanafunzi na naona wanavyobadilika. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake, unaingia ndani, kuna misonge, kuna tembe. Mama mkwe wako ametoka nchi ya matembe. Atawaeleza wajukuu moto uliwashwa wapi, mbuzi walilala wapi, nafaka ilihifadhiwa wapi. Siku hiyo yeye ndiye atakuwa mwenyeji na ninyi wageni, na wakwe wanaokuja mjini hawapati nafasi hiyo mara nyingi.

Eneo ni tambarare, lina miti, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, na mwisho wa wiki mara nyingi kuna ngoma mchana. Hamhitaji siku nzima, saa mbili au tatu zinatosha.

Makumbusho ya Taifa kule mjini, mtaa wa Shaaban Robert, iacheni kwa wa miaka 11 peke yake. Habari za fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959, zitamshika. Mdogo atachoka haraka.

Kigamboni Kwetu
Watu wanasahau pantoni! Mtu mzima shilingi 200 kutoka Feri. Bibi anavuka maji amesimama kwenye chombo kikubwa kisichoyumba, watoto wanaangalia meli zinaingia bandarini. Ng'ambo mnachukua bajaji hadi fukwe za hoteli, kiingilio mara nyingi unakitumia kwa kinywaji au chakula, vyoo visafi. Tahadhari moja tu, huku ni bahari ya wazi na mawimbi yana nguvu. Watoto wacheze mchangani na ukingoni, na mtu mzima mmoja asishike simu kabisa.

Mpishi wa Kinondoni
Coco Beach jioni, mihogo na mishikaki, haina kiingilio. Ila msiende Jumapili na mtoto mdogo, watu ni wengi mno, anapotea mkono ukiachia kidogo tu.

Mama Tausi (Tabata)
Asanteni sana, nimemsomea Baba Tausi yote. Mbudya tumeiweka hadi kusi iishe, na wataenda yeye na wakubwa wawili. Treni imeahidiwa kwa mwaka ujao, na aliyeitaka ameandika ukutani.

Tumepasua mara mbili. Jumamosi hii ni Kijiji cha Makumbusho asubuhi, kwa daladala, tunarudi nyumbani kula. Wiki inayofuata tunakodi Noah hadi Bagamoyo, Kaole kwanza, ufukweni mwisho. Nilipomweleza mama habari za matembe aliuliza kama yameezekwa kwa udongo au wameweka bati. Mwalimu, tafadhali nijibu hilo, anasubiri.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Mwambie ni la udongo juu, kama la kwao. Aingie mwenyewe akalikague, na kama kuna walichokosea wajenzi, awaambie watunzaji wa pale. Wanapenda kusikia kutoka kwa watu waliolala humo. Na mkienda Jumamosi ulizeni mlangoni saa ya ngoma kabla hamjaanza kuzunguka, ili wa miaka 3 asiwe amelala.

Baba Wawili (Bunju)
Na kwa Bagamoyo angalieni ratiba ya maji kujaa na kupwa siku mbili kabla. Mkifika ufukweni saa kumi maji yamekupwa, bibi atatembea kwenye mchanga mgumu bila kuumiza magoti.