Banda la video Ngamiani laonyesha The Exorcist watoto wamejaa ndani, halafu lawama zote mnaitupia filamu!

Wakuu salaam. Mods naombeni msiunganishe huu uzi na ule wa "filamu za kishetani" maana hapa nazungumzia kitu kingine kabisa.

Tangu banda liionyeshe The Exorcist, ile muvi ya kutisha ya binti aliyeingiwa na pepo, Jumamosi usiku, huku mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, hamna habari nyingine. Ukikaa kijiwe cha kahawa ni ile filamu, ukifungua grupu la mtaa ni ile filamu, kuna voisi inazunguka mama mmoja analia anasema majini yametoka kwenye TV yameingia nyumba za watu. Wengine wanasema Freemason. Vijana wa bodaboda nao wanasema muvi ya kizamani haitishi chochote, shetani mwenyewe kapakwa rangi tu. Nimesikiliza wote, nimesoma wote, na sijaona hata mtu mmoja anauliza watoto wa darasa la tatu na la nne walikuwa wanafanya nini mle ndani saa tano ya usiku!

Mpwa wangu ana miaka 9. Mama yake anafanya kazi zamu za usiku, mtoto anabaki na bibi yake, akamuaga bibi anakwenda kwa jirani kuangalia katuni. Saa nne imepita hajarudi, bibi kanipigia, nikaanza kuzunguka, watoto wenzake ndo wakaniambia yuko bandani. Nafika mlangoni nakuta ubao umeandikwa kwa chaki, MKUBWA 500 MTOTO 200. Yaani mtoto ana bei yake kabisa! Sasa mwenye banda anapokuja kujitetea eti watoto walijipenyeza, walijipenyezaje wakati wamewekewa bei?

Ndani sasa. Madirisha yamezibwa na turubai, joto la kufa mtu, feni moja tu nayo imegeuziwa kwa yule kijana wao wa kutafsiri. Watoto wamewekwa mbele kwenye mkeka pua zinakaribia kugusa kioo, pembeni yao spika zile za kukodisha kwenye vigodoro. Na kijana wa maiki anapiga kelele mwanzo mwisho.

Hapo kwenye kutafsiri niseme kidogo maana mimi hii filamu naijua na naipenda. Imetoka Desemba 1973, kaiongoza William Friedkin, kitabu na skripti ni za William Peter Blatty. Iliteuliwa Oscar vipengele 10 ikachukua 2, kimoja skripti na kingine SAUTI. Sauti wakuu! Ile sauti ya pepo ilifanywa na mwigizaji mtu mzima, Mercedes McCambridge, kile chumba cha yule binti walikigandisha kwa mitambo ya baridi mpaka pumzi za waigizaji zinaonekana kweli. Na kuna sehemu kimya kinakaa mda mrefu mpaka unasikia ngazi zinalia. Sasa mtu anakaa juu ya kimya kile na maiki anapiga stori za mademu wa Makorora, halafu asubuhi mnakuja kuniambia filamu ni mbovu haina kitu. Mliiona saa ngapi?

Kibaya zaidi alikuwa anaipeleka mbele. Nimewauliza waliokuwepo tangu mwanzo wakaniambia ule mwanzo wa Iraq karuka wote, "hapa wanachimba mawe tu, twende kwenye pepo". Na hospitali karuka yote. Jamani ile sehemu ya hospitali ndo moyo wa filamu! Mama yake Regan, yule binti wa kwenye filamu, haanzi kwa padri hata kidogo. Anaanza kwa daktari, anakwenda kwa daktari mwingine, wanampiga picha za kichwa, wanamchoma sindano ya shingoni damu inaruka, wanakuja madaktari wa akili, na mapadri wanaingia baada ya madaktari kushindwa. Na mmoja wa mapadri hao, Karras, mwenyewe kasomea magonjwa ya akili, anabisha, anataka ushahidi, hakubali tu kwamba ni shetani kwa sababu mama kasema. Watu wa Ngamiani hawakuonyeshwa hayo. Walichoonyeshwa ni mtoto anatapika kijani na kichwa kinazunguka, basi.

Ndo maana binti mmoja wa mtaani alipoanguka mle bandani hakuna aliyefikiria hospitali.

Nilikuwa nimeshamshika mpwa wangu mkono tunatoka. Huyo binti, kwa kumtazama ni kama miaka 13, alikuwa amekaa katikati ya watu kabanwa, akasimama ghafla kama anatafuta pa kutokea akaanguka chini. Badala ya watu kupisha hewa ipite, mtu akapiga kelele LIMEPANDA! Basi ikawa vurugu, wanaume wanne wamemkalia mikono na miguu, mmoja anamsomea, mwingine anamwambia jini jitaje jina, na kijana wa maiki, wallahi hili sitalisahau, aliendelea kuongea kwenye maiki anawahadithia watu "sasa wadau imehamia live". Niliwasukuma nikasema mtoeni nje apate hewa, nikaambiwa mimi sina imani. Akatolewa akapelekwa kufukizwa usiku kucha, hospitali kapelekwa kesho yake mchana. Anaendelea vizuri namshukuru Mungu, alichokutwa nacho ni siri ya familia yake sitakiandika hapa.

Msinielewe vibaya, mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa na ubani umefukizwa. Mpwa wangu mwenyewe bibi yake kamwita ustadh kamwandikia kombe kanywa na mimi nilikuwepo, sina tatizo na hilo hata kidogo. Ila dua na hospitali vinakwenda pamoja, na kumkalia mtoto kifuani hakupo kwenye dua yoyote ninayoijua.

Na mnaosema "hii filamu inaangusha watu ndo ushahidi ina pepo", hamkuanza nyie. Ilipotoka Marekani watu walipanga foleni kwenye baridi kuiona, wengine wakatapika, wengine wakazimia ndani ya sinema, na kipande kinachotajwa sana kwamba kiliwaangusha watu ni kile kile cha sindano ya shingoni, damu, hamna hata pepo pale. Mhubiri Billy Graham aliipinga vikali. Wakosoaji nao waligawanyika, Roger Ebert kaipa nyota zote nne, Vincent Canby wa New York Times kaiponda. Mwaka 1975 daktari mmoja, Bozzuto, aliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wanne waliovurugika akili baada ya kuiona, na akawatibu kama wagonjwa. Upande wa pili kuna mapadri wa kweli, Wajesuiti, O'Malley na Bermingham, waliotoa ushauri wakati inatengenezwa na wakaigiza humo humo. Kwa hiyo hata kwa watu wa dini kulikuwa na mabishano ya watu walioiona na kuifikiria, sio hizi voisi za mtu aliyehadithiwa na jirani aliyehadithiwa na bodaboda.

Lakini wenzetu pamoja na kubishana kote huko suala la watoto hawakuliacha. Marekani iliwekwa daraja R, chini ya miaka 17 lazima uende na mzazi, na bado watu wakalalamika kwamba ni daraja laini mno. Uingereza ilikuwa ya miaka 18, na kwenye video ilikuja kunyimwa kibali, haikurudi madukani kihalali mpaka 1999, hofu kubwa ikiwa ni watoto kuiona majumbani. Na sisi tusijifanye hatuna sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, Bodi ya Filamu ipo, madaraja ya umri yapo.

Sasa uongozi wa mtaa umefanya nini? Wameitwa, wakaja na kikao, wakatoa tamko kwamba filamu hiyo ni MARUFUKU mtaani. Basi! Banda halijafungwa hata siku moja. Jana usiku nimepita wanaonyesha nyingine ya mapanga na watoto wako pale pale mbele. Yaani mmeifungia filamu ya miaka zaidi ya hamsini iliyopita mkamwacha aliyepokea mia mbili za watoto, na viongozi mnatembea kifua mbele eti mmeshughulikia tatizo.

Mpwa wangu hataki kulala kitandani. Amekumbuka kile kitanda kinavyoruka, analala chini kwenye mkeka kamshika bibi yake kanga, na choo cha uani haendi mpaka asindikizwe na taa. Bibi yake ana miguu mibovu anaamka naye kila usiku. Nani anamlipa yule bibi usingizi wake?

UPDATE: Naona mnaoniambia namharibia mtu riziki. Riziki yake aitafute kwa wakubwa, aonyeshe mpira, aonyeshe hata hiyo The Exorcist yenyewe kwa watu wazima, nzima bila kurukwa, na mimi nitakuja nilipe hiyo mia tano. Na wewe uliyeandika mzazi ndo wa kulaumiwa, dada yangu alikuwa kazini anatafuta ada ya huyo huyo mtoto, futa hiyo komenti.

Wazazi wa Ngamiani ambao watoto wenu walikuwemo, njooni PM. Tunaandika barua moja yenye majina na saini zetu, tunaipeleka kwa afisa utamaduni wa Jiji Jumatatu asubuhi, na nakala inakwenda Bodi ya Filamu. Picha ya ubao wenye bei ninayo.