Naomba ushauri: nimpeleke mzee kuona Mission: Impossible mpya bila kumwonyesha za nyuma?

Wakuu, habari za jioni.

Nimetoka kuona Mission: Impossible – The Final Reckoning, ya nane katika mfululizo huu, na haijanitoka kichwani. Nataka nimpeleke mzee wangu kabla haijaondolewa ukumbini. Mzee anapenda sana muvi za kijasusi tangu ujana wake, ila hizi za Tom Cruise hajaona hata moja, na Kiingereza cha haraka haraka kinamchosha.

Shida iko saa ya kwanza. Wamekaa wanaelezana tu: akili mnemba iitwayo Entity imeingia kila mtandao, inateka silaha za nyuklia za nchi moja baada ya nyingine, jasusi Ethan Hunt (Tom Cruise) ana muda mfupi wa kuizuia. Katikati wanachomeka vipande vya muvi za zamani. Mimi niliyeziona zote nilihangaika kuunganisha, mzee si atasinzia?

Lakini baadaye Ethan anashuka kwenye Sevastopol, nyambizi ya Kirusi iliyozama Bahari ya Bering. Hapo maneno yanakwisha. Nyambizi imelala kwenye mteremko, inabiringika taratibu, maji yanahama chumba hadi chumba, torpedo zinaanza kumporomokea. Ukumbi wote kimya, unasikia chuma kinavyolia tu. Dada aliyekaa pembeni yangu alishika bisi mkononi muda wote huo, hakutia mdomoni hata moja. Hicho ndicho nataka mzee akione kwenye skrini kubwa, si kwenye simu yangu.

Naombeni ushauri: nimwonyeshe ipi kwanza, au twende hivyo hivyo?

Kisiki cha Mpingo:
Mkuu, mwonyeshe Dead Reckoning ya 2023, basi. Hii mpya ni mwendelezo wake. Ufunguo wa kuizuia Entity, adui Gabriel, mwizi Grace, vyote vinaanzia pale, na hata nyambizi inavyozama utaiona mwanzoni kabisa. Zingine anaweza kuziona baadaye.

Mama Nasra:
Hapo tunapishana, kaka. Aanze na ile ya kwanza ya 1996, aliyoongoza Brian De Palma. Haifiki saa mbili, na ni ujasusi wenyewe: watu kugeukana, vinyago, kutomwamini mtu. Mzee wa muvi za zamani ataielewa haraka kuliko hizi za sasa. Halafu kuna yule mchambuzi wa CIA, William Donloe, ambaye chumba chake cha siri kule Langley, makao makuu ya CIA, kiliingiliwa, Ethan akining'inia kwa kamba. Kwenye hii mpya karudi, mwigizaji yuleyule, Rolf Saxon, mvi zimejaa, anaishi kisiwani huko Bering. Kile kisu kilichodondoka mezani kwake amekitunza miaka yote. Mimi machozi yalinilenga. Asiyeona ile ya kwanza atamwona mzee wa kawaida tu.

Mleta uzi:
Mama Nasra, kwa Donloe na mimi paliniingia sana. Mtu katupwa baridini karibu miaka 30 kwa kosa la wengine, anakutana na aliyemponza, na hana kinyongo, kwa kuwa kule ndiko alikompata mkewe. Kwangu pale panashinda milipuko yote.

Dereva Mstaafu:
Muvi inakaribia saa tatu, vijana, msisahau. Sisi wenye umri miguu inakufa ganzi. Chukua kiti cha pembeni karibu na njia, onyesho la mchana, na aende msalani wakati bado wanaongea ofisini. Akitoka wakati wa nyambizi umemwonea.

Chui wa Mwanza:
Mimi nasema usimwonyeshe yoyote. Saa ya kwanza ni nzito kweli, mwongozaji McQuarrie anataka kufunga hesabu za muvi saba kwa mkupuo mmoja, na hata aliyeona zote anachoka. Mweleze njiani: adui hana mwili, kuna ufunguo, na kinachotakiwa kiko chini ya bahari. Hiyo inatosha kuanza. Na zile ndege mbili za mwishoni, nyekundu na ya njano, hazihitaji lugha yoyote. Zilipigwa Afrika Kusini, na ni Cruise mwenyewe, mtu aliyevuka miaka 60, ananing'inia kwenye bawa huku upepo unamvuta mashavu mpaka meno yote yako nje. Mzee wako atashika kiti.

Mama Nasra:
Ndege sawa, Chui, lakini ataogopa kwa ajili ya nani? Ukimjua Ethan toka kijana ndipo moyo unakwenda mbio.

Mleta uzi:
Asanteni sana wakuu. Hoja ya Mama Nasra imenishinda. Jumamosi tunaangalia ile ya 1996 nyumbani, ya 2023 nitamsimulia njiani, Jumapili mchana tunaenda. Dereva, kiti cha pembeni nimekichukua. Kama kuna anayejua ukumbi wenye sauti nzuri zaidi hapa Dar aniambie mapema, maana kile chuma kinavyolia ndani ya nyambizi, spika mbovu zitaharibu kila kitu.