Fainali ya marudiano nikiwa Toronto: nitazame wapi, na nani?

Binti_Tandika (Toronto)

Wanasimba na watani wote mlio nje, habari za huko.

Jumapili hii, Mei 25, 2025, Mnyama wetu Simba anarudiana na RS Berkane ya Morocco pale Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nyumbani itakuwa saa kumi jioni, kwangu saa tatu asubuhi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, natoka saa moja. Usingizi hautanisumbua, nitalala filimbi ya mwisho ikishalia. Naomba ushauri kwa mengine.

Mechi ya kwanza kule Berkane niliitazama chumbani peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Picha ya mtandaoni inachelewa. Dakika ya 8 mimi bado naona mpira katikati ya uwanja, kwenye kundi la WhatsApp la familia kaka yangu kaandika: "Wameshatufunga." Ndipo nikamwona Mamadou Camara anafunga. Dakika ya 14 ikawa hivyo hivyo kwa Lamlaoui. Nilikuwa natazama mabao ambayo nimeshayalilia. Dakika 76 zilizobaki sikuweza kuacha kuangalia kundi, na sikuweza kuufurahia mpira.

Pili, sauti. Kiarabu sikijui na Kifaransa sikijui. Nimekulia Tandika kwa baba ambaye hata mechi ikionyeshwa kwenye televisheni anafungua redio pembeni, kwa sababu mtangazaji wa redio anakuambia nani ana mpira, anaelekea wapi, na jukwaa la Msimbazi linafanya nini. Nikisikia mpira wa Simba kwa lugha nisiyoielewa naona kama nachungulia harusi ya ndugu yangu dirishani.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha. Mtanzania wa karibu nami ni shemeji yangu, mume wa dada, Yanga damu. Kanialika kwake: televisheni kubwa, maandazi, chai ya tangawizi. Ni mtu mwema sana kwangu. Lakini hii ni fainali ya Afrika, ya kwanza tangu 1993, na 1993 mimi sijazaliwa. Tunahitaji mabao matatu bila kufungwa ili tulibebe ndani ya dakika 90. Tukikosa, nataka kulia bila kutazamwa na mtu wa Jangwani. Niende au nibaki?

Kaka yangu tayari ana tiketi ya boti. Nguvu Moja.

Mwananchi_Lyon

Mtani wangu, nenda. Nakuambia kama mtu aliyepitia hapo hapo.

Juni 3, 2023 sisi Yanga tulikuwa Algiers kurudiana na USM Alger, fainali ya kombe hili hili. Nyumbani kwa Mkapa, uwanja wa Dar es Salaam, walishatufunga 2-1. Mshambuliaji wetu Mayele alisawazisha dakika ya 82, na kabla hatujamaliza kukumbatiana wakafunga la pili. Mimi niko Lyon, na hapa mtaa wa Guillotière umejaa watu wa Algeria. Rafiki zangu Watanzania walikuwa mbali, nikaingia kwenye mgahawa wao na jezi yangu ya kijani na njano. Djuma Shaban alipopiga ile penalti mapema ikaingia, nilisimama peke yangu, ukumbi mzima umekaa. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja alinisogezea kiti karibu na skrini.

Tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe wakachukua wao kwa mabao ya ugenini, maana walifunga mawili kwetu na sisi moja tu kwao. Sijui kama kuna namna inayouma kuliko hiyo: umeshinda mechi na unawatazama wenzako wanainua kombe. Yule mzee alilipa kahawa yangu, akakaa nami akiniuliza habari za Mayele, maana Mayele ndiye aliyemaliza mfungaji bora wa mashindano. Ningekuwa chumbani usiku ule ningeumia vibaya zaidi.

Shemeji yako atakutania, ndiyo kazi ya mtani. Lakini anajua unapitia nini. Mwaka ule kila Mwananchi, yaani kila Yanga, alilijua.

Mzee_wa_Ruwi (Muscat)

Binti yangu, salaam.

Mimi 1993 nilikuwa huku huku Muscat. Mechi ya kwanza ya fainali Simba ilitoka 0-0 na Stella ya Ivory Coast kule Abidjan, tukajua kombe limekuja Dar es Salaam. Wakati huo Tanzania Bara haina hata kituo kimoja cha televisheni. Nilikwenda kupiga simu kwa ndugu yangu Kariakoo jioni ile, na alipopokea hakusema "hallo". Alinyamaza. Nikaelewa. Mbili bila, mbele ya watu wetu wenyewe. Habari yenyewe, nani kakosa nini na dakika gani, niliipata gazeti lilipoletwa na msafiri, likiwa limekunjwa kwenye kanzu.

Kwa hiyo mimi sioni ubaya wa picha kuchelewa. Lakini kuhusu shemeji nakataa ushauri wa huyo kijana wa Lyon. Fainali ya timu yako itazame na watu wako, au peke yako na Mungu wako. Mtu ambaye moyo wake unaomba ufungwe hawezi kukaa na wewe kiti kimoja, hata akupikie pilau. Huku mechi itaanza saa kumi na moja jioni. Jumapili ni siku ya kazi, duka namwachia mpwa wangu, natazama beIN kwa Kiarabu, na ikiisha maghrib inakaribia. Nitakwenda msikitini na jibu langu.

Fundi_Minnesota

Dada, nakujibu la picha na la sauti, la shemeji wameshalishika wakubwa.

Kundi la WhatsApp: usilizime sauti tu, toka kwenye intaneti kabisa kwa simu hiyo. Ukiweka kimya utachungulia, nakujua bila kukujua. Picha iwe kwenye televisheni au kompyuta, simu iwe kwenye mkoba, mkoba uwe chumba kingine. Mwambie kaka yako kabla: asikupigie mpaka mechi iishe.

Redio: TBC Taifa unaipata mtandaoni. Mara nyingi redio inatangulia picha, na hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa. Tafuta programu ya redio inayokuruhusu kusimamisha matangazo kisha kuendelea pale pale ulipoachia. Timu zikianza mpira, sikiliza filimbi ya kwanza redioni, simamisha hapo hapo. Subiri uione filimbi ile ile kwenye picha, kisha achia. Picha nyamazisha. Ikiteleza katikati, tumia mpira wa kurusha au kona kulinganisha tena. Tumeifanya sana hapa nyumbani robo fainali na Al Masry, penalti zile alizookoa kipa wa Simba, Moussa Camara, tulizisikia kwa Kiswahili na kuziona sekunde ile ile.

Halafu jihadhari na kurasa za Facebook zinazojitangaza kuwa "mubashara". Nyingi zinaweka mechi ya zamani au mchezo wa kompyuta ili wapate watazamaji. Lipia huduma inayoeleweka, mapema, siyo dakika tano kabla.

Binti_Tandika (Toronto)

Nimeamka sasa hivi, nadhani mnastahili majibu.

Mzee wangu, nisamehe, nilikwenda kwa shemeji. Nilitoka kazini na jezi nyekundu chini ya koti. Fundi, Mungu akubariki: redio ilikaa sawa na picha mpaka mwisho, tuliirekebisha mara chache tu, na shemeji ndiye aliyekuwa anabonyeza kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Bao la Joshua Mutale dakika ya 17 nililipata kama wanavyolipata watu wa Amaan. Sikulijua kabla. Ni mara ya kwanza tangu nihamie huku nimeruka kwa bao la Simba bila kuambiwa kwanza na mtu, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka siku zote. Watoto wa dada waliamka, wakaja wakaruka na mimi, baba yao akawaangalia tu.

Kagoma wetu alipopewa kadi nyekundu mwanzoni mwa kipindi cha pili niliona shemeji kaweka chai chini. Sikumwuliza. Lile bao la Mukwala wetu ndilo lililonimaliza. Tumeshangilia, redio imepasuka, kisha mwamuzi anaitwa kwenye VAR, marudio ya video. Simu iko chumba kingine, hakuna wa kunivujishia, sote tukabaki tunatazama mistari inachorwa. Ameotea. Watu kumi dhidi ya kumi na mmoja, bado walikuwa wanakwenda mbele. Naijivunia timu hii kwa zile dakika za baada ya VAR kuliko kwa ushindi mwingi niliouona. Sidibé wa Berkane alisawazisha dakika za nyongeza, jumla 3-1, kombe limekwenda Morocco.

Nililia. Shemeji alizima televisheni kabla hawajainua kombe, akanifungia maandazi nikale nyumbani. Utani hakuuanza.

Kaka alikuwa kwenye foleni ya kutoka uwanjani nilipowasha simu, sauti imemkauka. Ananiambia wangeruhusiwa kucheza kwa Mkapa, penye watu 60,000, Berkane wasingepumua. CAF, shirikisho la soka Afrika, walisema nyasi za Mkapa hazifai baada ya mvua, na Amaan inaingiza watu kama 15,000. Mimi naona kelele za Amaan zilitosha, nilizisikia mpaka Canada. Yeye hakubali.

Mwananchi_Lyon

Pole sana mtani, kwa dhati. Ya Mukwala nimeirudia: bega lilikuwa mbele. Ila wachezaji kumi kucheza namna ile kwenye fainali, heshima.

Mzee_wa_Ruwi (Muscat)

Nimekusamehe, na msalimie huyo shemeji. Mwambie mzee wa Ruwi anauliza: dabi yetu na Yanga ile iliyoahirishwa Machi mnacheza lini?

Binti_Tandika (Toronto)

Nimemfikishia, Mzee. Anasema hilo waulizwe Bodi ya Ligi, lakini ikichezwa safari hii anakuja yeye kwangu. Fundi, ile programu ya redio inafanya kazi na mechi za ligi pia?