Ile barua ya Brian

Neema: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza ile tamthilia ya Marekani, My So-Called Life. Sehemu ya 19, ya mwisho. Usingizi umenikimbia.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Umeiona barua?

Neema: Nimeiona shangazi, imeniuma. Jordan, yule kijana Angela anayempenda, anamletea barua ya kuomba msamaha, Angela moyo unamlainika, kumbe kaiandika Brian wa jirani, anayempenda Angela kimyakimya!

Juma: Mbona ilikuwa wazi? Jordan kusoma kwenyewe kunamshinda, maneno yale angeyatoa wapi?

Shangazi Rehema: Juma, hapo nakupinga. Mtu anayeona aibu kwamba kusoma kunamshinda, kwenda kuomba aandikiwe si kazi ndogo. Halafu akakaa na Patty, mama yake Angela, wakazungumza. Mwanzoni Jordan alikuwa wa kuegemea ukuta tu na kufumba macho.

Neema: Hilo lilinipita. Lakini Brian jamani! Angela anagundua, Brian anasema kila neno alilimaanisha, papo hapo anajirudi: yaani, huyo aliyeiandika ndiye alimaanisha. Nimeparudia mara nne. Kajitokeza na kujificha kwa pumzi moja.

Mama Neema: Na sehemu hiyohiyo Rickie, rafiki yake Angela, anamwambia mwanafunzi mwenzake Delia waziwazi kwamba yeye ni shoga. Huyu mtoto alipigwa kwao, akahangaika bila pa kulala Krismasi. Yeye kalisema la kwake likatoka. Brian hakutishwa na mtu, na bado la kwake limemkwama kooni. Mimi hapo ndipo nililia.

Neema: Mama, sikuwaweka pamoja hao wawili kabisa.

Shangazi Rehema: Niwaambie kitu. Bwenini mimi ndiye niliyekuwa naandikia wenzangu barua. Siku moja nikamwandikia rafiki yangu, barua iende kwa kijana niliyempenda mimi. Niliikunja mara tatu, mikono ikitetemeka, nikamkabidhi.

Juma: Pole sana shangazi. Yule kijana alikuja kujua?

Shangazi Rehema: Hadi leo hajui.

Neema: 😢 Ndiyo maana Angela anapoingia kwenye gari la Jordan huku anamtazama Brian, pale ndipo pananiua. Na hakuna kilichofuata! Kituo cha televisheni cha ABC kiliirusha sehemu hiyo 26 Januari 1995, wakaishia hapo.

Shangazi Rehema: Rudi sehemu ya kwanza, safari hii mfuate Brian peke yake.

Neema: Naanza leo jioni. Nikusubiri?

Shangazi Rehema: Nisubiri.