Waliocheza Dragon Ball Z: Kakarot, tupeane uzoefu: ni kipande gani kilikufanya uweke padi ya kuchezea gemu chini?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Wiki hii nimeimaliza Kakarot kwa mara ya pili, safari hii mwanangu wa miaka 9 akiwa pembeni yangu. Gemu inafuata katuni ya Dragon Ball Z, imetengenezwa na CyberConnect2, Bandai Namco waliitoa Januari 2020, na wengi huisifia kwa mapigano. Mimi kilichonishika ni pale mwanzo kabisa. Goku anatoka na mwanawe Gohan, wanavua samaki (Goku anavulia mkia wa bandia!), kisha wanarudi nyumbani kwa Chi-Chi, mkewe Goku, kula. Na chakula kule si pambo, kila mlo unakuongezea nguvu kidogo isiyopotea. Halafu adui Raditz anatua na Gohan anachukuliwa.

Kwenye katuni nilikuwa namtazama baba wa mtu. Hapa nilikuwa nimetoka kuvua naye sasa hivi. Goku alipokufa akimwokoa Gohan, mwanangu alinyamaza, akaniuliza, "Baba, sasa Gohan atakula na nani?" Nimekosa jibu hadi leo. Leteni ya kwenu.

Mdau wa Mwanza
Mkuu, mimi Raditz mwenyewe alinipiga mara 6. Nilizoea gemu za kupigana wawili wawili, nikawa nabonyeza tu bila kupumua. Kaka yangu akaniambia jikinge kwanza, mwache amalize shambulio lake, ndipo uingie. Na zile orbu za rangi zilizotapakaa angani nilikuwa nazipita nikidhani ni mapambo. Kumbe ndizo unazolipia kuboresha mbinu. Nilifika kwa Vegeta, adui mkubwa zaidi, nikiwa sina kitu, nikateseka usiku mzima. Wanaoanza leo, ziokoteni tangu siku ya kwanza.

Mdau wa Mombasa
Sisi tuliicheza kwa kibanda cha gemu, unalipa kwa saa. Hadithi zake ni ndefu na saa haikusubiri, kwa hivyo kila mazungumzo yakianza vijana nyuma yangu walipiga kelele, "Ruka hiyo, ruka!" Siku hiyo Nappa, mwenzake Vegeta, alimrushia Gohan shambulio, Piccolo akajitosa mbele akalipokea yeye. Wallahi hapana aliyesema ruka. Yule Piccolo alimchukua mtoto wa adui yake kumfunza vita tu, akaishia kumfia. Muda wangu ulikwisha katikati ya maneno yake ya mwisho, mwenye kibanda akaniongezea dakika 10 na hakunidai. Nimecheza gemu nyingi kwake, kile kimya sijakisikia tena.

Mdau wa Muscat
Nami niseme na upungufu wake. Kazi za pembeni nyingi ni nenda kalete, nenda kapige roboti watatu, rudi. Zilinichosha. Kilichonifurahisha ni pale Goku na Piccolo wanapojifunza kuendesha gari kutafuta leseni. Hiyo tuliirudia mimi na mke wangu, na yeye hata Dragon Ball haijui.

Mdau wa Mbeya
Kwangu ni ile nyongeza ya Trunks ya 2021. Dunia ambayo Goku alikufa kwa ugonjwa wa moyo, amebaki Gohan mwenye mkono mmoja anamfundisha kijana Trunks kupigana. Nilijua kitakachotokea, katuni nimeiona tangu shule. Lakini unapomtafuta Gohan kwenye mvua huku padi iko mikononi mwako ni jambo jingine. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha ufundi wa ujenzi, alifariki 2019. Niliizima, nikairudia baada ya wiki 2.

Mdau wa Kigali
Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball, alifariki tarehe 1 Machi 2024, akiwa na miaka 68. Siku habari zilipotoka niliwasha gemu, sikupigana na mtu. Niliruka na Goku juu ya bahari, nikavua hadi usiku.

Mleta mada
Mdau wa Mbeya, pole sana. Nimesoma maneno yako mara kadhaa. Mwanangu ananisumbua tuianze hiyo ya Trunks kesho Jumamosi. Wewe uliyepita pale, unaonaje, nimwache aione sasa au nimsubirishe akue kidogo?